Umemtoa harufu

"Umempaka nini?"

Hilo ndo lilikua neno la kwanza la shangazi asubuhi ile, hata shikamoo yangu aliiruka. Alikua ametoka msibani kijiji cha pili, kanga bado kajifunga kichwani, miguu imejaa tope mpaka kwenye vifundo, na mi nimekaa chini bandani na mtoto wa mbuzi mapajani, siku yake ya kwanza duniani, mweupe, msafi, ananukia kama mtoto aliyetoka kliniki.

Nikamwambia sijampaka kitu shangazi, nimemuogesha tu.

"Kwa sabuni?"

"Sabuni ya mtoto. Na maji ya uvuguvugu."

Akainama akamchukua, akamsogeza puani kwake, akavuta pumzi ndefu. Alafu akamrudisha mapajani kwangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu ambacho kimeshavunjika.

"Umemtoa harufu, mama. Huyu sasa hana kwao."

Hii ni wiki ya saba na hayo maneno hayajanitoka. Nimerudi mjini, nimerudi kazini, naosha vyombo nayasikia, namuogesha mwanangu nayasikia. Kwa hiyo naandika.

## Usiku wenyewe

Nilikua nimeenda Kongwa likizo ya Desemba na mwanangu wa miaka minne. Shangazi akaitwa msibani ghafla, akaniachia mbuzi kumi na moja na maelekezo mawili: mlango wa banda ufungwe vizuri, na yule mtamba mweusi akianza kuhangaika, mwache, anajua.

Mwache. Neno moja tu, na sikulifuata.

Alizaa kama saa nne usiku, mvua inapiga bati kama mawe. Ulikua uzao wake wa kwanza. Nikaingia na tochi ya simu nikakuta kitoto kiko chini kwenye samadi, kimelowa ule ute wa njano njano, kinatetemeka mwili mzima, na mama yake ndo kwanza ameanza kukilamba usoni. Wengine labda mngeona mama na mtoto. Mi niliona uchafu na baridi. Nikakiokota nikakimbia nacho ndani.

Yule mama alilia sana. Nilimsikia, mvua ile yote na bado sauti yake ilikua inapenya, nikajiambia atakua anaumwa tumbo, kondo la nyuma halijatoka. Nikaendelea na beseni langu, sabuni, taulo la mwanangu, jiko la mkaa pembeni. Nilimkausha mpaka manyoya yakasimama. Nikalala nae kwenye boksi karibu na kitanda, na nakiri kabisa kwamba nililala na furaha.

Saa kumi na mbili asubuhi nikamrudisha.

Mama akaja mbio. Akamnusa mgongoni, akamnusa chini ya mkia, akasimama. Akamnusa tena. Kisha akainamisha kichwa akampiga pembe ya ubavu, mtoto akabiringika mpaka ukutani.

Nikamweka tena. Akampiga tena.

Nilijaribu mara ya tatu, ya nne, nikawa nalia huku namwambia yule mbuzi jamani ni wako, ni wako huyu, kama vile shida ilikua hajaelewa lugha.

## Mlango unaofunguka mara moja

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipopata mtandao ni kutafuta kama shangazi alikua anasema kweli au ni imani tu za wafugaji. Nilikua natamani, niseme ukweli, iwe ni imani tu.

Sio imani.

Mbuzi na kondoo wa kawaida, kabla ya kuzaa, ule ute wa uzazi unawachukiza, hawataki hata kuusogelea. Ikifika saa ya kuzaa kila kitu kinageuka. Mtoto anapopita kwenye njia ya uzazi, ule mtanuko wenyewe unatuma taarifa kwenye ubongo, ubongo unamwaga homoni inayoitwa oksitosini, na sehemu ya ubongo inayopokea harufu inakaa tayari kujifunza. Ghafla ule ute uliokua unamchukiza unakua kitu anachokitafuta kuliko kitu kingine. Analamba, na wakati analamba anajifunza: huyu, huyu hapa, sio mwingine. Baada ya saa chache utayari ule unaisha.

Peter Klopfer na wenzake Marekani waliandika habari hii ya mbuzi mwaka 1964. Mama aliyekaa na mtoto wake dakika tano tu baada ya kuzaa, wakatenganishwa kisha wakarudishwa, kwa kawaida alimpokea. Aliyenyang'anywa mtoto palepale bila hata hizo dakika tano, akirudishiwa baadae alikua anamkataa.

Dakika tano. Mi nilimwachia labda moja.

Alafu kuna hii iliyoniuma zaidi. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Ufaransa, Frédéric Lévy na Pascal Poindron, walichukua wanakondoo waliozaliwa sasa hivi wakawaosha kuondoa ute, wakawarudisha kwa mama zao. Mama waliowahi kuzaa walipunguza kulamba lakini walio wengi wakaendelea na watoto wao. Wale wa uzao wa kwanza ndo ikawa shida, mtoto aliyeoshwa walimwona kama kitu kigeni, wakamkataa.

Uzao wa kwanza. Mtamba mweusi.

Nilisoma pale nikafunga simu nikatoka nje nikasimama tu.

Na nilipotulia likaja swali ambalo lilinikaa siku nyingi. Kama mama alishaanza kulamba, labda hata sekunde zile chache alishaanza kumjua. Inawezekana kosa halikua kwamba hakumjua. Inawezekana alimjua vizuri kabisa, akasubiri usiku kucha analia, na yule niliyemrudishia asubuhi hakua yule niliyemchukua. Kwake yeye mtoto wake alichukuliwa na hajarudi mpaka leo.

Sisi kwa Kiswahili tunasema *kusikia* harufu. Neno lile lile la sauti. Zamani nilikua naona ni namna tu ya kusema, siku hizi naona aliyeanza kusema hivo alikua amekaa na mifugo.

## Beberu wa kuazima

Nilianza kumsumbua shangazi kwa simu kila jioni. Na kadri nilivyouliza ndivyo nilivyoona kwamba harufu haikuingia kwenye hadithi hii usiku ule wa mvua, ilikuwepo tangu mwanzo.

Shangazi hana beberu wake. Kila mwaka katikati ya Julai anaazima kwa mzee jirani, anakaa nae wiki kama tatu anamrudisha. Kabla ya hapo majike wake wanakaa miezi hawamwoni dume wala hawasikii harufu yake. "Lazima wawe wamemsahau," anasema. Na akiingia, ndani ya siku chache utaanza kuona mikia inachezacheza, jike mmoja, wawili, kufika wiki na kitu karibu wote wameingia joto kama vile wameambiana. Wengine joto la kwanza linakua fupi halishiki, wanarudia baada ya siku tano sita, hilo la pili ndo linashika. Hesabu miezi mitano kutoka hapo unaangukia Desemba, mvua imeanza, majani yapo, maziwa yatakuwepo. Wale mbuzi wake wote wa mwaka jana walizaa ndani ya siku tisa.

Mnajua beberu anavyonuka sihitaji kueleza. Ila nilikua sijui kwanini.

Watafiti wa Japani walikua wanajiuliza hilo hilo, na mwaka 2014 wakatoa jibu zuri sana. Waliwavalisha mabeberu kofia. Kofia zilizoshonwa maalumu, zenye kitu ndani cha kunyonya hewa inayotoka kwenye ngozi ya kichwa, maana ndo pale harufu inapotokea kwa wingi. Wakachambua walichokipata, wakalinganisha na dume aliyehasiwa. Ikaonekana kuna kemikali inaitwa 4-ethiloktanali ambayo beberu mzima anaitoa na maksai hana. Peke yake inanukia kama ganda la chungwa hivi, ikikutana na hewa ndo inageuka kuwa ile asidi inayofanya tufunike pua. Wakamnusisha jike huku wanapima ubongo wake, na ile sehemu inayoendesha homoni za uzazi ikaamka. Ubongo unaiambia tezi chini yake, tezi inaziambia ovari, ovari zinaandaa yai. Yote hayo yameanzia puani.

Nilikua nadhani beberu ananuka kwa sababu ni mchafu. Kumbe ile harufu ni kazi. Anajikojolea ndevu na miguu ya mbele makusudi ili ienee.

Na yeye nae anasoma. Mliokua kijijini mmeona hii, jike akikojoa beberu anaweka mdomo pale pale kwenye mkojo, alafu ananyanyua kichwa juu, anabinua mdomo wa juu mpaka ile fizi isiyo na meno inatokeza, shingo imenyooka, macho nusu yamefumba, anatulia hivo sekunde kadhaa hachezi. Utotoni tulikua tunasema beberu anacheka. Hacheki. Juu ya kaakaa lake kuna tundu mbili ndogo zinazoingia kwenye kiungo ambacho Mdenmark mmoja, Ludwig Jacobson, alikieleza mwaka 1813. Kule ndani ndo anapima kama jike yuko tayari leo, au kesho, au ameshashika mimba aachane nae. Simba anafanya, twiga anafanya, farasi anafanya. Tembo anagusa mkojo kwa ncha ya mkonga kisha anaipeleka kwenye kaakaa.

Kuhusu tembo ngoja niseme kidogo maana hii ilinishangaza. Bets Rasmussen, mwanasayansi wa Marekani aliyetumia miaka mingi kwenye harufu za tembo, mwaka 1996 alionyesha kemikali ambayo tembo jike wa Asia anaitoa kwenye mkojo kuita madume anapokaribia joto. Ni ile ile ambayo aina zaidi ya mia za nondo wanaitumia kuitana usiku. Tembo na nondo wanatumia neno moja. Na huku kwetu Afrika Mashariki, pale Amboseli, Kenya, Joyce Poole na Cynthia Moss waliandika mwaka 1981 kwamba tembo dume wa Afrika nae anaingia kipindi cha masti, yaani kipindi cha kutafuta majike, majimaji yanamtoka pembeni ya kichwa, mkojo unachuruzika njia nzima anayopita, anaacha habari zake chini kwa yeyote atakayepita na mkonga. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikua wanasema hiyo ni ya tembo wa Asia tu.

## Harufu ikifunga

Mpaka hapo nilikua nasoma vitu vya kufungua. Beberu anafungua joto, ute unafungua umama.

Alafu nikakutana na Hilda Bruce.

Alikua London, anafanya kazi na panya, mwaka 1959. Aliona kwamba panya jike aliyepandwa na dume mmoja, ukimwekea dume mgeni karibu ndani ya siku chache za mwanzo, mimba haikai. Mayai yameshatungwa, yako njiani kwenda kushika kwenye mji wa mimba, na hayashiki. Jike anarudi kwenye joto kama vile hakuna kilichotokea. Dume mgeni hana haja ya kumgusa. Matandiko yake yaliyolowa mkojo yanatosha.

Sijui kwanini hii ilinifanya niweke simu chini. Nadhani ni kwa sababu mwili wa yule panya unaamua bila yeye kuulizwa. Wapo wanaoeleza kwamba ina faida kwake, maana dume mgeni mara nyingi anaua watoto ambao sio wake, kwa hiyo bora kuacha mapema kuliko kubeba, kuzaa na kupoteza. Naelewa hesabu yake. Bado inanikaa vibaya.

Lakini ilinisaidia kumwelewa yule mbuzi. Nilikua nimemkasirikia, nisiwadanganye. Siku ya pili ile nilimwita mama asiye na huruma. Wakati hakukua na ukatili wowote pale, mlango ulikua umefungwa na yeye hakua na ufunguo, mi ndo niliuosha kwenye beseni.

## Na sisi je?

Hapa ndo nilipokua naelekea muda wote, nilikua nazunguka tu.

Kwanza nikakutana na takataka. Feromoni ndo jina la hizi kemikali ambazo mnyama anazitoa kumpa habari mwenzake. Andika feromoni na binadamu uone, utaletewa pafyumu za kuvuta wanaume, za kuvuta wanawake, matone mawili shingoni hakuchomoki. Kwenye magrupu ya wasapu zinauzwa bei ambayo unalisha familia wiki nzima. Nilifuatilia nikafika kwa Tristram Wyatt, mtaalamu wa feromoni wa Oxford, ambae mwaka 2015 aliandika wazi kwamba zile kemikali zinazotajwa kila siku kuwa feromoni za binadamu hazijawahi kuthibitishwa, zilianza kurudiwa rudiwa bila mtu kuonyesha zilivyopatikana. Nguruwe dume ana yake ya kweli, androstenoni, iko kwenye mate yake, na nguruwe jike aliye kwenye joto akiinusa anasimama wima anatulia apandwe, wafugaji wananunua ya kopo wanapulizia. Jike wa nguruwe. Ndugu yangu unaeuza kale kachupa, sisi sio nguruwe.

Alafu ile ya bweni. Sisi tuliosoma bodingi tuliapa kabisa kwamba wasichana mkikaa chumba kimoja mnaanza kuona siku zenu pamoja. Ilitoka kwenye utafiti wa Martha McClintock wa mwaka 1971, wanafunzi 135 wa bweni Marekani. Niliumia kidogo kusoma kwamba walipokuja kurudia kwa umakini, kwa mfano kwa wanafunzi 186 huko China mwaka 2006, hawakukuta kitu. Mizunguko inapishana urefu, kwa hiyo kuna miezi itakutana yenyewe, na ile iliyokutana ndo tunaikumbuka.

Kile kiungo cha Jacobson nacho, kwetu kinaanza kujengeka tumboni kisha kinabaki kijitundu tu, hakina mishipa ya kupeleka habari, na jeni zake muhimu zimeshakufa.

Kwa hiyo sisi hatumo, nikasema. Mambo ya pua ni ya wanyama wengine.

Ningekua naandika kwa kutaka kujua tu ningeishia hapo.

## Siku ya tatu

Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji wa dharura, saa nane usiku. Nilimwona sekunde kama tatu juu ya lile pazia la kijani, wakaondoka nae mbio kwa sababu alikua anapumua kwa shida. Walimwokoa, na kwa hilo nitashukuru mpaka naingia kaburini. Siku ya tatu nikaletewa. Ameshaogeshwa, amevalishwa kofia ya sufi, ananukia poda.

Nikamshika na sikusikia kitu.

Sio puani tu. Sikusikia kitu. Wenzangu wodini walikua wanalia wakiwashika wao, mi nilikua nawaza huyu mtoto ni wa nani, mbona wamenipa mimi. Mama alikua amesimama pembeni anatabasamu na mi nikatabasamu pia kwa sababu ndo kinachofanywa.

Miaka minne sijamwambia mtu hii. Nilikua nadhani kuna kitu kwangu kilikatika usiku ule na hakitaungwa, na kwamba upendo wote nilionao kwake sasa umejengwa juu ya shimo. Ndo maana nilipomwona yule mbuzi anamnusa mtoto wake, anasimama, anamnusa tena, mimi nilijua ile sura. Nilishawahi kuwa nayo.

Kwa hiyo nilipoendelea kutafuta sikua natafuta sayansi. Nilikua natafuta hukumu yangu.

Nikakuta hiki. Mwaka 1994 Heili Varendi, daktari wa watoto wa Estonia, na wenzake walichukua watoto wachanga 30. Kabla ya kunyonya kwa mara ya kwanza, mama aliosha ziwa moja kwa sabuni na lingine akaliacha lilivyo, mtoto akawekwa katikati kifuani. Watoto 22 walienda kwenye ziwa ambalo halijaoshwa. Kama miaka ishirini kabla, huko Oxford, Aidan Macfarlane alishaona mtoto wa siku sita anageuzia kichwa pamba iliyokaa kwenye ziwa la mama yake na kuiacha ya mama mwingine.

Yaani tumo. Hatuna kile kiungo, hatuna feromoni ya kopo, ila mtoto wa binadamu anakuja duniani anaijua harufu anayoitafuta.

Na upande wa mama pia. Wamepimwa akina mama waliokaa na watoto wao chini ya saa moja tu, wakapewa wanuse, na walio wengi walimtambua wa kwao. Walipimwa hata waliojifungua kwa upasuaji, wakakaa na mtoto mda mfupi sana, nao waliweza kumjua kwa harufu ya kinguo chake.

Lakini kilichonifanya nikae chini ni tofauti yenyewe. Kwa mbuzi mlango unafunguka mara moja, saa chache, ukifunga umefunga. Kwa mwanamke hamna mlango wa namna hiyo. Harufu kwetu ni moja ya njia, na njia ziko nyingi, na hakuna saa ambayo inasemwa sasa basi. Bibi analea mjukuu ambae hakumzaa na anamjua gizani. Baba anamjua. Shangazi amelea watoto watatu wa marehemu kaka yake, mimi nikiwa mmoja wao, na nilipofika kwake nilikua na miaka sita.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka yapite masaa 24, na awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi pale inapowezekana. Kwetu haikuwezekana. Ni kweli haikuwezekana.

Nikaanza kukumbuka ni lini basi, maana ilikuja, najua ilikuja. Ilikua wiki ya tatu. Umeme umekatika, joto, mwanangu hana nguo amenilalia kifuani, kanga imelowa maziwa. Nikainamisha kichwa kumwangalia na pua ikaingia kwenye mikunjo ya shingo, pale ambapo maziwa yanachuruzika yanachacha na hakuna anayefika kuosha vizuri. Ile harufu kali tamu. Nikakaa pale pale. Nikavuta tena na tena, nikawa kama mwenye kiu, nikalia mpaka nikamwamsha.

Siku ile sikuielewa, nilidhani ni uchovu.

## Alichofanya shangazi

Sijamalizia ya bandani.

Asubuhi ile kondo la nyuma lilikua limeshaliwa na mbwa, vinginevyo shangazi angempakaa nalo mtoto, ndo dawa yake ya kwanza. Kwa hiyo alianza na dang'a, yale maziwa ya kwanza, maana mtoto alikua hajaonja kitu tangu azaliwe na kichwa kilishaanza kulala. Alimfunga mama kwenye nguzo, mimi nikashika pembe, akakamua kwenye kikombe cha bati, ile ya njano nzito, akamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Iliyobaki akachovya vidole akampakaa kichwani, mgongoni, chini ya mkia hasa. Akanyunyiza chumvi kidogo mgongoni ili mama ashawishike kulamba. Kisha akamsukumia mtoto kwenye chuchu huku mama amefungwa.

Mara nne kwa siku. Siku nane nilizobaki nilishika zile pembe mimi mwenyewe, sikukubali mtu mwingine ashike. Mikono iliniuma mpaka mabegani.

Baadae nikasoma kuhusu David Gubernick, aliyefanya kazi na yule yule Klopfer, mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikua na mashaka na maelezo yale ya mwanzo. Alisema inawezekana mama hajifunzi tu harufu ya mtoto, inawezekana anamwandika. Analamba, ananyonyesha, mate na maziwa yake vinamwacha mtoto na alama yake yeye mama, na mtoto wa jirani anakataliwa kwa sababu ana alama ya mama mwingine. Waliokuja baada yake walionyesha sio hiyo peke yake, mtoto nae ana harufu yake ya kuzaliwa nayo. Ila maziwa yana sehemu yao. Mtoto akinywa maziwa yako siku baada ya siku, ananuka wewe.

Nilimsomea shangazi kwenye simu, nikitafsiri polepole. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Sasa mi nilikua nampakaa maziwa ya nini?"

Siku ya kumi na mbili alinitumia sauti wasapu. Nyuma kuna kuku na redio. "Mama, leo sikumfunga. Nimemwachia nione. Amemnusa, ameenda pembeni, amerudi. Amesimama akanyonyesha. Mtoto ameanza kunuka kwao."

Juzi Jumapili akanitumia video, sekunde kumi na tisa. Wako nje ya banda, jua la jioni, mtoto amekua mkubwa, amepiga magoti ya mbele anavuta ziwa kwa nguvu mpaka mama anayumba, kamkia kanacheza kama kitu kimeunguzwa. Mama anageuza shingo. Anaweka pua chini ya kile kamkia, anatulia pale. Mda mrefu, mrefu kuliko mbuzi wengine wa shangazi ninavyowajua, nimehesabu ni sekunde saba.

Alafu anarudisha kichwa mbele, anaanza kucheua.